Mtani Aliyerithi Redio Zetu

Mwalimu Muharami Jumbe anaondoka! Jumanne ya tarehe 30 Novemba 1999 anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kushika chaki, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia hapa hapa Shule ya Sekondari Jiwe Pana, Kirumba. Nimelisema mwanzo kabisa, maana ningeanza na salamu ningelia kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

Sasa habari zenu, wazazi, walimu na wanafunzi. Poleni na msiba wa Baba wa Taifa, ambao ndio uliofanya sherehe hii ya kumuaga isogezwe mbele. Mkuu wa shule, Mwalimu Mihayo, alisema wasifu huu auandike mtu aliyefanya kazi na Mwalimu Muharami muda mrefu kuliko wengine wote, na mtu huyo ni mimi, Bernadeta, mpishi wa shule, ambaye wengi mnaniita Mama Rebeka. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Lakini mwanangu Rebeka, aliyesoma hapa hapa, yuko Chuo Kikuu mwaka wa pili anasomea sheria, kwa hiyo nyumbani kwetu kalamu si kitu kigeni. Aliniomba nimpe aisahihishe karatasi hii nikakataa. Akamsahihishe hakimu.

Mwalimu Muharami ni Mzaramo wa Kisarawe. Alianza kufundisha huko pwani mwaka 1966, na mwaka 1973 akahamishiwa Mwanza. Alishuka stesheni ya reli na sanduku la bati na mwavuli, akiwa na hakika kwamba angekaa miaka miwili aombe kurudi. Hakurudi. Alimwoa Bi Safia wa Igogo, wakapata watoto watatu, na akajifunza kuamkia kwa Kisukuma, ingawa mpaka leo akisema "mwangaluka" utadhani anauza madafu.

Alifundisha Jiografia, na miaka kumi na saba ya mwisho akawa pia mwalimu wa nidhamu. Wale waliosoma miaka ya foleni za unga na sabuni wanakumbuka alivyowapandisha vijana juu ya majabali nyuma ya shule wachore ziwa kwa macho yao, kwa sababu ramani ya ukutani ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ikaisha Afrika Magharibi yote. Wanakumbuka pia alivyokula nao sembe ya njano bwaloni, sahani kwa sahani, bila kuomba mboga ya pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa napakua. Angeomba ningejua.

Halafu nchi ikafunguliwa milango. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya magadi na viberiti yakajaa vitu vya Dubai, na huku Mwaloni, soko letu la samaki, sangara wakawa dhahabu. Ndipo watoto wetu walipoanza kuja shule na vitu mifukoni. Wokmani, redio ndogo kama kiberiti, gemu za mkononi za kupanga matofali, saa za kupiga nyimbo katikati ya sala ya asubuhi. Stesheni za muziki zilipoanza hapa mjini, mambo yakawa makubwa zaidi. Bodi ya shule ikapitisha kanuni: kuanzia kengele ya mstarini hadi kengele ya kutoka saa tisa, mwanafunzi asionekane na chombo chochote cha namna hiyo. Kikionekana, kinachukuliwa, na mzazi ndiye atakayekuja kukifuata.

Kuandika kanuni ni kazi ya siku moja. Kuisimamia ndiyo iliyomzeesha Mwalimu Muharami. Kila Jumatatu alianza upya kana kwamba Ijumaa hakukuwa na mtu aliyesikia. Shule nyingine nilisikia walivunja redio kwa jiwe mbele ya mstari. Yeye hakupenda. Alisema mzazi aliyeuza debe la mpunga kununua kile kitu hakufanya kosa lolote.

Yeye alikuwa na njia yake, nayo ilikuwa utani. Kwa wanafunzi waliozaliwa juzi nieleze kidogo: sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya mababu. Watani hutukanana bila kugombana. Msibani mtani huja akavaa kofia ya marehemu, akadai mali, akajilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na mfiwa aliyekuwa akilia hujikuta anacheka. Sasa Mwalimu Muharami akimwona kijana ameegemea kiganja kama anaumwa jino, na waya unachungulia kwenye mkono wa sweta, alimwendea taratibu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mzee Ngosha, wa Igogo."

"Msukuma?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jamani, mzee Ngosha amefiwa. Huyu nimemwuliza swali mara tatu hajibu, kumbe amekufa tangu kipindi cha pili. Na mimi mtani wake nipo. Redio nairithi, marehemu hasikilizi muziki."

Darasa zima hoi kwa kicheko, na redio imeshaingia mfukoni mwake bila kelele wala machozi. Kesho yake mzee Ngosha, ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wa wazazi hata mmoja, anakuja mbio na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kukomboa urithi.

"Mzaramo, toa redio ya mwanangu kabla sijakurudisha pwani kwa miguu!"

"Kwa michembe hii? Kwenu mmekosa viazi au mmekosa aibu?"

Wakishatukanana mpaka roho zao ziridhike, Mwalimu anamvutia kiti, anamletea madaftari ya mtoto, wanakaa. Mzee anatoka hapo na redio na habari zote za maendeleo ya mwanawe. Wazazi wengi wa shule hii waliijua ofisi ya walimu kwa njia hiyo, na michembe iliyobaki tuliila jikoni. Hata mimi nilikuja na karanga, maana Rebeka wangu, pamoja na akili zake zote zile, alinaswa na saa ya kuimba aliyotumiwa na shangazi yake. Ni mara moja tu, na alikuwa wa kwanza darasani muhula ule.

Kwa mtoto wa Kihaya, wa Kijaluo, wa Kijita au wa Kikerewe, Mwalimu hakutania. Aliomba kitu kwa maneno ya kawaida, akakifungia kabatini, akamwita mzazi. Ndiyo maana siku zote aliuliza kwanza: mtoto wa nani?

Mwaka 1997, ule wa mvua za El Niño, kuna siku hakuuliza hivyo.

Alikuwa amechoka, na ninaandika hivyo kwa sababu nilimwona. Paa la bwalo lilikuwa linavuja, walimu watatu walikuwa wamelazwa na malaria, naye alikuwa anabeba vipindi vyao pamoja na vyake. Kidato cha pili alimkuta kijana na wokmani. Akamwuliza jina tu. Kijana akajibu, "Shimba." Jina la Kisukuma kabisa, nani angefikiri vingine? Mwalimu akatangaza kifo chake kama kawaida, akarithi wokmani, darasa likacheka.

Lakini Shimba ni mtoto wa Bwana Obedi, mnunuzi wa sangara pale Mwaloni, Mkerewe wa Ukerewe. Mama yake ndiye Msukuma, na jina amepewa la babu mzaa mama. Bwana Obedi hakuwa na utani na Mzaramo yeyote duniani. Tena mwaka uliotangulia alikuwa amemzika binti yake. Siku ya tatu baada ya maneno yale, Shimba akashikwa na malaria kali, akalazwa, na wanafunzi wenzake waliokwenda kumwona wakamsimulia baba yake Mwalimu alivyosema.

Bwana Obedi hakuja kwa kelele, na hilo ndilo lililotuogopesha. Alisimama mlangoni kwa mkuu wa shule, mabuti yake yanachuruzika maji.

"Sikufuata redio," alisema. "Redio kaeni nayo. Nimefuata maneno. Mtu amesimama mbele ya watoto arobaini akasema mwanangu amekufa. Leo mwanangu hanijui."

Akaandika malalamiko kwa wakubwa wa elimu, na Mwalimu Muharami akasimamishwa kazi asubiri kuhojiwa. Wote mnajua maana yake. Mtumishi akifukuzwa kwa kosa anaondoka mikono mitupu, na ile miaka yote inakuwa kama hakuifanya. Miaka thelathini na moja ya kazi ilikuwa inaning'inia kwenye sentensi aliyoisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, huku anacheka.

Wiki zile nilipita kwake Igogo na bakuli la makande. Bi Safia alinipokea kwa kunong'ona kama nyumba ya mgonjwa. Majirani Wasukuma walikuwa wakija kumchangamsha, wakamwita mwizi wa nazi, wakamwambia kazi ikiisha aje awachungie ng'ombe, naye akawa anawajibu, "Ahsanteni." Mtani anatukanwa anajibu ahsante! Nilirudi nyumbani nikamwambia Rebeka, huyu mtu tunampoteza.

Mwenyezi Mungu akamwinua Shimba, na mpaka siku ya mahojiano alikuwa amesharudi darasani, shingo nyembamba lakini mzima. Maneno, hata hivyo, yalikuwa hayajapona. Walikaa bwaloni: wajumbe wa bodi, mkuu wa shule, na afisa aliyetumwa kutoka ofisi ya elimu, kijana mpole mwenye miwani. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikabaki kwa sababu vikombe vilikuwa havijakusanywa.

Afisa akamwuliza Mwalimu kama kweli alisema mtoto amekufa. Sote tulikuwa tukiomba moyoni aseme watoto walimsikia vibaya.

"Nilisema," akajibu.

"Na ulisema umerithi mali yake?"

"Nilisema. Nilidhani ni mtani wangu. Sikumwuliza ni mtoto wa nani. Nilichoka siku ile, na uchovu si sababu."

Afisa akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mkuu wa shule akajaribu kueleza utani. Bwana Obedi, bila kuinua sauti, akasema kwao hakuna utani wa namna hiyo, na mtoto ni wa baba. Na ni kweli, mtoto ni wa baba. Niliangalia uso wa Mwalimu nikaona ameshaondoka zamani, amebaki kukaa tu.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa fimbo. Aliingia Bibi Ng'washi wa Kiseke, bibi yake Shimba mzaa mama, khanga kiunoni, matope mpaka magotini. Hakuna aliyemwalika. Bwana Obedi alipomwona mkwewe aliruka kutoka kwenye kiti, akainamisha macho chini kama mwanafunzi.

"Shikamoo, bibi," afisa akasema.

"Marahaba. Kaa, baba, sijakufuata wewe. Mzaramo wenu yuko wapi?"

Mwalimu akasimama. Bibi akamzunguka, akamtazama juu mpaka chini, akaziba pua.

"Mbona mmemkalisha maiti kwenye kiti? Huyu kafa tangu wiki ile, tena anaanza kunuka! Aliyesema mjukuu wangu kafa, katangulia yeye." Akalinyakua koti la Mwalimu lililokuwa kwenye mgongo wa kiti, akalivaa. "Hili nimerithi. Na baiskeli ile hapo nje ni yangu, na mwavuli, na mke wake nitamtafutia Msukuma anayejua kulima. Uwii, mtani wangu, ulikuwa mwizi lakini tulikuzoea!" Akaanza kuomboleza kwa sauti, yuko peke yake katikati ya bwalo, koti limempita magoti.

Mwalimu Muharami midomo ikaanza kumcheza. Nilidhani analia.

"Bibi," akasema, "mnizike Kisarawe. Huku kwenu ni mawe matupu, kaburi mtachimba kwa meno, na meno yenyewe huna."

Jamani! Mjumbe mmoja wa bodi alijimwagia chai surualini. Afisa aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Bibi Ng'washi akacheka mpaka akakaa chini, halafu alipotulia akamgeukia Bwana Obedi, na sauti yake ikabadilika kabisa.

"Mkwe wangu, mtoto ni wako, sikunyang'anyi. Lakini jina ni la mume wangu, na ulikubali mwenyewe. Aliyebeba jina letu kabeba na watani wetu. Maneno yale yalisemwa kwa mtani, na leo nimeyarudisha kwa mwenyewe mbele yako. Hakuna kilichobaki juu ya mtoto. Umesikia, baba?"



"Nimesikia, mama," akasema Bwana Obedi, macho yakiwa bado chini. "Sitaki mtu afukuzwe kazi. Naomba jambo moja tu. Mtoto asiambiwe tena darasani kwamba amekufa, awe wa kabila lolote. Mimi nimezika. Siwezi kuyasikia maneno hayo, hata kwa kucheka."

"Hata mimi," akajibu Mwalimu, "tangu siku ile siwezi kuyasema."

Afisa akaandika onyo, akafunga faili lake, na Jumatatu iliyofuata Mwalimu Muharami alikuwa mstarini kama kawaida. Lakini ahadi ile aliishika, na tusifiche, iligharimu. Kanuni ilibaki, kicheko kikaondoka. Miaka miwili hii alikuwa akimwona kijana na waya, ananyoosha mkono na kusema neno moja: "Leta." Kitu kinaingia kabatini, mzazi anaitwa kwa barua, na mara nyingi anamtuma mjomba. Michembe ikakoma kuja. Watoto wakawa mafundi wa kuficha, kuna mmoja alipitisha waya ndani ya fundo la tai. Mwalimu aliyekuwa akipita kwenye korido unasikia madarasa yanacheka mbele yake, akawa anapita unasikia kimya. Jioni alikuwa anakuja jikoni kwangu kunywa chai ya rangi, anakaa kwenye gunia la mahindi, tunazungumza habari ya magoti yanayouma.

Mwaka huu mwezi wa sita, akiwa kidato cha tatu anafundisha mmomonyoko wa udongo, kitu kikalia ndani ya mkoba wa binti mmoja, Precious. Ilikuwa simu ya mkononi, ya kwanza kuingia darasani kwetu. Mama yake ni mfanyabiashara, alimpa akae nayo kwa siku ile. Binti akaganda, simu inaendelea kuita. Mwalimu akaichukua, akaigeuza juu chini akitafuta pa kubonyeza, akaiweka sikioni.

"Haloo. Hapana mama, si Precious, ni mwalimu wake. Marahaba. Yuko darasani, ndiyo. Nitamwambia." Akamgeukia binti. "Mama anasema wali uko kwenye hotipoti, usimpe mdogo wako nyama yote."

Darasa likalipuka. Wenzangu waliokuwa nje waliacha ufagio wakasikiliza, maana kicheko cha darasa la Mwalimu Muharami tulikuwa tumekisahau.

Lakini jioni, kwenye gunia lake, alisema, "Mama Rebeka, redio nilishindana nayo nikiwa na nguvu. Hii inaita mtu kwa jina, na anayeita ni mama yake mzazi. Waachieni walimu vijana." Bodi ikaongeza simu kwenye kanuni: ibaki nyumbani, au ikabidhiwe kwa mkuu wa shule mpaka kengele ya saa tisa. Atakayeisimamia ni Mwalimu Rebman Chenge. Tumwombee afya.

Mwalimu na Bi Safia wanahamia Kisarawe mwezi ujao, kwenye minazi ya marehemu baba yake. Kamati ilimwuliza anataka zawadi gani. Wengine walitaja kochi, wengine cherehani ya Bi Safia. Akafikiri sana, akasema kochi halitaingia kwenye behewa. Ila kama watani wake wapo, amechoka kuheshimiwa. Miaka miwili hakuna Msukuma aliyemtukana kwa ukamilifu, watu wanamwogopea kama yai. Angependa kutukanwa vizuri kabla hajapanda treni.

Nilimwendea Bwana Obedi mwenyewe kule Mwaloni, kwa heshima, nikamweleza. Alikuwa anapima samaki, hakuacha. Akasema, "Watu wazima wafiane wanavyotaka. Kitoweo cha siku hiyo nitaleta mimi."

Basi Mwalimu Muharami, kwa niaba ya jiko, ofisi na madarasa yote, tunakushukuru. Umewalea watoto wetu wakawa watu, na mmoja wao atakuwa mwanasheria, nimeshalisema hilo. Mungu akupe usingizi wa mchana, magoti yasiyouma, na jioni ambazo hakuna kengele.

Na ninyi wengine, wazazi mliowahi kuja na vikapu na mliowahi kutuma wajomba, wanafunzi wa sasa na wa zamani, Wakerewe, Wahaya, Wajaluo mje mshuhudie, na Wasukuma mje na matusi yaliyoiva: Jumamosi tarehe 27 Novemba 1999, saa nne asubuhi, bwalo la Shule ya Sekondari Jiwe Pana. Tunawasubiri wote.